UZI: Taa za miche, sola na betri. Hesabu ambayo hakuna mgombea anakupigia

1/ Msimu wa siasa ukianza, mjadala wa stima na sola lazima ufike. Juzi nimeskiza watu wakibishana masaa mawili kuhusu kilimo cha ndani ya nyumba, yaani kukuza mboga na miche kwa taa badala ya jua. Sitaji mtu wala chama, mnajua desturi ya hapa. Nataka tu tuelewe hesabu, kwa sababu mimi nimeilipia. Chukua chai, uzi ni mrefu.

2/ Upande mmoja uliahidi kila kikundi cha vijana mjini kitapewa taa za kukuzia mimea, paneli ya sola na betri. "Jua ni la bure!" Upande wa pili ukajibu kwamba sola ni biashara ya wauza paneli, dawa ni kushusha bei ya stima. Wote wakapigiwa makofi. Hakuna aliyetaja uniti hata moja.

3/ Sasa yangu. Tuko watu sita kwenye chama, tuko Pipeline, Embakasi. Kama unapajua, unajua vile ploti zimebanana. Chumba cha chini ukizima taa saa sita mchana hujui kama ni mchana. Mapema 2023 tulikodi chumba kimoja hapo, tukaweka rafu ya ngazi nne, kila ngazi taa mbili za LED za wati 20. Tukaanza kukuza miche ya sukuma, spinachi, nyanya na hoho.

4/ Rafu inabeba trei 16 za matundu 200. Hiyo ni miche kama 3,200, na inachukua karibu mwezi kuwa tayari. Sukuma tunauza shilingi mbili mche, nyanya ya mbegu nzuri hadi tano. Wateja wetu ni watu wa shamba ndogo huko Ruai na Kamulu. Ikiuzika yote, tunashika kama 9,000. Toa kodi ya chumba, mbegu, udongo wa trei na stima. Unaona vile kinachobaki ni chembamba.

5/ Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Chama kiliingiwa na hofu. Mimi ndiye nilisimama kwenye mkutano nikasema tununue sola, jua ni la bure. Ndio, maneno yaleyale mliyoskia kwenye mjadala. Sikuyatoa kwa mwanasiasa, niliyaamini mwenyewe.

6/ Tukatoa 52,000 kwenye akiba: paneli moja ya wati 250, betri ya asidi ya Ah 100, inverta, kidhibiti cha chaji, nyaya na pesa ya fundi. Ndani ya hiyo akiba, mwenzetu mmoja, mama mboga, alikuwa ameweka karo ya mtoto wake aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Tulimwambia Januari itakuwa imerudi.

7/ Haikurudi. Mtoto aliripoti shule wiki tatu baada ya wenzake. Ikifika Aprili, betri iliyokuwa inawasha taa masaa sita ilikuwa inawasha saa moja tu kisha inverta inaanza kulia. Kwa hivyo mtu akisimama kwa jukwaa aseme "paneli na betri" kana kwamba anagawa pipi, mimi siwezi kupiga makofi kabla sijaskia namba.

8/ Tuanze na uniti. Wati ni kasi ya kula stima, uniti ni jumla iliyoliwa. Kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, umekula uniti moja. Taa zetu 8 za wati 20 ni wati 160. Miche inahitaji mwanga kama masaa 14 kwa siku. 160 mara 14 ni 2,240, yaani uniti 2.24 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 67.

9/ Weka shilingi 30 kwa uniti ili hesabu iwe rahisi (gawanya pesa kwa uniti kwenye meseji yako ya tokeni upate yako). 67 mara 30 ni kama 2,000 kwa mwezi. Kwa biashara ya 9,000, stima pekee inakula zaidi ya moja kwa tano. Kwa hivyo wanaosema bei ya stima ni mzigo hawadanganyi. Hapo wako sawa.

10/ Lakini "tutashusha bei" ina siri yake. Bei ya tokeni si kitu kimoja. Kuna bei ya msingi, halafu gharama ya mafuta ya mitambo, mabadiliko ya dola, mfumuko wa bei, ushuru wa kupeleka stima vijijini, na VAT ya asilimia 16. Mtu anaweza kushusha bei ya msingi na tokeni yako isiongezeke hata uniti moja, kwa sababu dola ilipanda. Muulize anashusha gani.

11/ Tena kuna ngazi. Mita ya nyumbani inapangwa kwa matumizi ya mwezi: hadi uniti 30, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100. Ukipanda ngazi, bei ya uniti inapanda. Sisi tuko 67. Tukiongeza rafu ya pili tunapita 100. Yaani siku biashara ya chumba kimoja inakua, ndiyo siku stima inakuwa ghali zaidi. Hilo ni swali la sera kabisa, na sijaskia mtu akilijibu.

12/ Twende upande wa sola sasa. Nairobi kwa wastani unapata kama masaa matano ya jua kamili kwa siku. Julai na ile baridi na mawingu, inashuka. Ukitoa kinachopotea kwa betri na inverta, ili taa zipate uniti 2.24 paneli lazima zitoe karibu uniti 3. Gawanya kwa masaa matano: wati 600. Kwa Julai weka 800 hadi 900. Hizo ni paneli mbili kubwa.

13/ Sisi tulinunua ya wati 250. Siku nzuri ilitoa uniti 1.25, taa zikapata chini ya moja. Chini ya nusu ya tulichohitaji! Betri haikuwahi kujaa hata siku moja. Na betri ya asidi isiyojazwa vizuri inakufa mapema. Muuzaji hakutuuliza taa zinawaka masaa mangapi. Sisi pia hatukumuuliza.

14/ Kosa la pili ni letu kabisa. Betri ya Ah 100 ya volti 12 inabeba uniti 1.2 kwa karatasi. Lakini ya asidi hufai kuitoa zaidi ya nusu. Kwa hivyo ni uniti 0.6, ambayo kwa wati 160 haifikishi masaa manne. Sisi tulikuwa tunaikausha kila usiku masaa sita. Betri za lithiamu aina ya LFP zinavumilia kutolewa asilimia 80 na zaidi, na zinadumu mizunguko maelfu. Bei ya kuanzia ni ya juu, ndiyo maana wengi wetu tunaishia kwa asidi.

15/ Kuna watu mtasema "si ungechukua jenereta". Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti moja na nusu hadi mbili kwa lita. Petroli ikiwa 180, uniti moja inakuja 90 hadi 120. Tena moshi wake unaua mtu ndani ya chumba. Tuache hiyo.

16/ Sasa kiini cha mambo. Jua ni la bure, kweli. Lakini fuata safari yake. Chukua mwanga wa jua wa 100 unaopiga paneli. Paneli inageuza kama 20 kuwa stima. Betri na inverta zinabakisha kama 16. Taa nzuri ya LED inageuza nusu ya hiyo kuwa mwanga. Umebaki na 8. Umetoa mwanga nje, ukaupitisha kwa mashine nne, ukaurudisha kuwa mwanga ndani.

17/ Kuwa fair: taa inatoa rangi ambazo mmea unakula, wakati zaidi ya nusu ya nguvu ya jua ni ya aina mmea hautumii. Hata ukihesabu hivyo, bado umepoteza zaidi ya nne kwa tano. Zile paneli mbili za kulisha rafu yetu zingechukua eneo la mita za mraba 4 na kitu. Rafu yenyewe ngazi zote nne ni kama mita 3. Eneo la paneli ni kubwa kuliko shamba lenyewe! Weka trei hapo juu badala ya paneli, chini ya neti ya kivuli, na zitamea bila waya.

18/ Ndiyo maana hata wakubwa hawafanyi hivyo. Nenda Naivasha. Shamba la Oserian limetumia joto la mvuke wa ardhini kwa vibanda vya maua tangu 2003: kupasha joto usiku na kupunguza unyevu unaoleta ukungu. Mwanga wa kukuza ua unatoka kwa jua. Maua ya hypericum huwashiwa taa usiku kwa masaa machache, lakini hiyo ni kudanganya ua kwamba siku ni ndefu, kwa sababu hapa ikweta mchana ni masaa 12 mwaka mzima. Taa ya ishara inakula kidogo. Taa ya chakula inakula sana.

19/ Je, taa za ndani hazina maana basi? Zina maana pale mambo matatu yakikutana: nafasi ya jua haipo kabisa, mmea ni mdogo na unakaa muda mfupi (miche, mboga changa za kukata), na bei yake inabeba stima. Kukuza sukuma ya kula au nyanya hadi izae kwa taa ya betri, hapana. Akikuahidi chakula cha mji mzima hivyo, mwambie alete kikokotoo.

20/ Na hapa kuna kitu kilinichoma nilipokielewa. Baada ya lile giza la Agosti 2023, unajua miche mingapi ilikufa? Hakuna. Mche uko na usiku wake kila siku, giza la siku moja hauli. Vifaranga wa siku tatu wakikosa joto wanakufa. Friji ya chanjo ikikosa stima, dawa inaharibika. Miche inangoja. Tulitumia 52,000 kujikinga na hasara ambayo haikuwepo.

21/ Hiyo inanileta kwa ruzuku. Pesa ya serikali ya betri ni ile moja. Ukiiweka kwa taa za miche, hujaiweka kwa zahanati, kwa mashine ya kuangua mayai, kwa pampu ya maji. Mimi ni mkulima wa taa na ninasema: betri iende kwanza mahali giza la masaa matatu linaua.

22/ Ushuru nao. Mwaka 2020 msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa. Mwaka 2021 ukarudishwa. Mfanyabiashara anayeagiza paneli akiona sheria imegeuka mara mbili kwa miaka miwili, anapandisha bei kujikinga. Kwa hivyo ukiskia "tutaondoa ushuru wa sola", uliza: ushuru upi, kwa kifaa kipi, na utakaa miaka mingapi bila kuguswa?

23/ Halafu kuna kuuza stima ya ziada. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango, kanuni zikatoka 2024. Mwenye paneli anaweza kusukuma ziada kwa gridi hadi kiwango cha megawati moja na kurudishiwa nusu ya uniti alizotoa kama mkopo kwa bili yake. Ni hatua nzuri. Lakini soma vizuri: inahitaji uwe na paa, na mita iwe kwa jina lako.

24/ Sisi wa Pipeline hatuna hata kimoja. Paa ni la mwenye nyumba. Tulipoweka ile paneli moja tuliombwa pesa ya "nafasi" kila mwezi, na tukaambiwa tukihama, mashimo tuzibe. Nairobi wengi wetu ni wapangaji. Sera ya sola ya mjini isiyotaja mpangaji ni sera ya wenye ploti. Hiyo si matusi, ni hesabu ya nani ana paa.

25/ Sasa jambo ambalo pande zote mbili zilisahau. Nishati mbadala mnayoililia tayari iko kwa soketi. Zaidi ya asilimia 80 ya stima ya gridi ya Kenya inatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Shida yetu kubwa ni saa. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku kila mtu amewasha, na mitambo ya mafuta inaitwa kusaidia. Baada ya saa nne watu wanalala, na kuna nyakati mvuke wa Olkaria umeachiliwa hewani kwa sababu hakuna anayeutumia.

26/ Mmea hauna saa ya mkononi. Haujui kama mchana wake umeanza saa nne usiku. Kwa hivyo tulinunua swichi ya saa, tukahamisha "mchana" wa miche: taa zinawaka saa nne usiku, zinazima saa sita mchana siku inayofuata. Masaa yaleyale 14. Tumetoka kwa ile foleni ya jioni, ndiyo saa stima yetu ilikuwa inakatika sana, na usiku chumba hakichemki.

27/ Lakini bili haikushuka hata shilingi. Kwa nini? Mita ya nyumbani haijali saa. Viwanda vina punguzo la usiku tangu Desemba 2017, kwa masharti. Mwaka 2023 ikaja bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za stima, na usiku ni nusu ya ile ya mchana. Sisi ngazi ya chini tunalipa bei moja usiku na mchana. Kama mvuke unamwagwa usiku, kwani ni vibaya mwenye rafu ya miche, mwenye friji ya samaki au mwenye kinyozi cha betri ajaze kwa bei ya usiku?

28/ Mambo yako wapi leo? Rafu tumebakisha ngazi mbili, za kuotesha tu wiki ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo trei zinaenda Ruai, tumekodi kipande kidogo na kukiwekea neti ya kivuli. Stima imeshuka nusu na miche imekuwa migumu, haivunjiki ikipandwa. Ile paneli iko huko Ruai, inasukuma pampu ndogo ya maji mchana, moja kwa moja bila betri. Hiyo ndiyo kazi ilikuwa inaiweza tangu mwanzo.

29/ Mama mboga tulimlipa yake mwanzo, kabla ya mtu mwingine, kwa awamu tano. Mtoto yuko shule. Nilimwomba msamaha mbele ya chama. Akasema, "Wewe ulikuwa unaongea vizuri sana siku hiyo." Sijui kama lilikuwa sifa au kofi, lakini tangu siku hiyo mtu akiongea vizuri sana mimi naangalia namba.

30/ Kwa hivyo ukipata nafasi ya kuuliza swali, wa upande wowote, chagua moja hapa:
• Uniti ngapi, saa ngapi, na nani analipia usiku?
• Betri ni ya aina gani, na ikifa mwaka wa pili ni ya nani?
• Mpangaji asiye na paa yuko wapi kwa mpango wako?
• Unashusha bei ya msingi, ama ni ile sehemu ya mafuta na dola?
• Lini mita ya nyumbani itapata bei ya usiku?

31/ Akijibu kwa namba, mskize hata kama si wa upande wako. Akijibu kwa "jua ni la bure", mwambie kuna chama Pipeline kiliwahi kuliamini hilo kwa 52,000. Mwisho wa uzi. Kama hesabu yangu mahali imekosea, niandikie hapo chini na namba zako, tusahihishane.